Namba Tatu Anaita

Tk.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, mdogo, kama ukucha uliogonga bati. Tawakali akafumbua macho gizani. Aliujua mlio ule. Ni kitufe cha simu ya upepo, kinapobanwa na mtu aliye mbali anayetaka kusema. Lakini simu ya upepo ilikuwa ofisini, kwenye shamba la mkonge, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwake Mingoyo. Chumbani mlikuwa na kitanda, sanduku, na mkewe Esha, mwenye mimba ya miezi saba, aliyelala chali mdomo wazi.

Akangoja. Kooni mwa mkewe ukatoka mvumo, shhh, kama mvua inayopita mbali juu ya makuti. Ule mvumo unaofuata kitufe kabla mtu hajasema.

“Esha,” alinong'ona. “Umelala vibaya. Geuka.”

Esha akageuka. Mvumo ukakatika. Chumba kikabaki kinanuka katani iliyoungua.

Asubuhi alipoambiwa, Esha alicheka. “Nimekoroma tu. Mwanao ananikalia kifuani kama kadhi.” Kisha akasema, “Ukipita posta leo, niulizie barua ya mdogo wangu.”

“Nitauliza.”

Barua hizo aliziandika Tawakali mwenyewe. Huyo mdogo wake Esha, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amekuja kutoka Kilwa kutafuta kazi, na tangu Oktoba watu wote waliamini kwamba alipanda meli akaenda Tanga. Tawakali ndiye aliyewaambia hivyo. Kila mwezi alibadili mwandiko, akaandika salamu na habari za bandarini, akamsomea mkewe asiyejua herufi za Kizungu. Akifika mwisho, mahali pa jina, alisoma, “Ni mimi mdogo wako,” akaikunja karatasi upesi. Jina lenyewe ulimi wake haukuligusa tena.

Mwaka juzi tu, moto ukiwaka shambani watu waliitwa kwa kipande cha reli. Kila kibanda cha zamu kilikuwa na reli yake imetundikwa mtini, na mlinzi aliigonga kwa nondo mpaka bonde zima likaitika. Watu waliujua hata mkono wa mgongaji. Korona, kiwanda cha kukamua mkonge, ilizima mashine, kambi ikabeba madebe ya maji, kila mtu akakimbia. Kisha Bwana Meneja akaleta simu tatu za upepo kutoka Ulaya, akaamuru reli zishushwe. Hewani, alisema, hapana majina. Kila mtu aseme namba yake.

Kasoro za simu hizo hata mpishi wa meneja alizijua. Kilima kikikaa katikati, sauti ilikatika. Betri ikichoka, sauti ilikatika. Wawili wakisema pamoja, hasikiki hata mmoja. Kasoro kubwa kuliko zote, hiyo haikuzungumzwa. Reli iliwaambia watu wote. Simu ilimwambia mtu mmoja, masikioni mwake, peke yake. Na mtu mmoja anaweza kunyamaza.

Tawakali ndiye aliyekuwa Namba Tatu, mlinzi wa kibanda cha mwisho, nyuma ya mkonge mkavu. Siku moja ya Oktoba alitaka kwenda kwenye harusi mjini, akamketisha shemeji yake mbele ya chombo. “Likitokea lolote, bana hapa, useme Namba Tatu. Jina lako usilitaje hata kwa kisu. Wakijua nimekuachia zamu, nimekwisha.”

“Sawa, shemeji,” kijana alisema, akicheka. “Leo mimi ni namba.”

Usiku wa pili kooni mwa Esha mlitoka sauti ya mtu, lakini maneno hayakushikika. Usiku wa tatu yalishikika. Siku ya nne sauti haikungoja tena usiku. Esha alikuwa jikoni akikuna nazi, jirani yake Kijakazi akipembua mchele kando, mara kifuu kikamponyoka, shingo ikanyooka, na mdomoni mwake ikatoka sauti ya kiume, nyembamba, yenye mikwaruzo:

“Namba Tatu. Namba Tatu naita. Moto. Nani anapokea?”

Ungo wa Kijakazi ulianguka. Kufikia adhuhuri mwili wa Esha ulikuwa wa moto kama jiko la mkaa, na kwenye ncha za vidole vya mkono wake wa kulia, mahali kidole hubana kitufe, yalikuwa yameota malengelenge. Ndipo Kijakazi, bila kumwuliza mwenye nyumba, akamfuata Bi Mwanasha, mwanamke aliyejulikana mpaka Njinjo kwa kutoa majini.

“Shikamoo, mama,” Tawakali alimpokea mlangoni.

“Marahaba. Mbona unanizibia mlango, baba? Mgonjwa ni wewe?”

Ilikuwa saa tisa, jua kali, watoto wanacheza barabarani. Bi Mwanasha alimfunika Esha shuka nyeupe, akatia ubani na udi kwenye chetezo, akafukiza chumba mpaka ukuta haukuonekana. Lakini chini ya udi harufu ya katani ilizidi kupanda.

“Njoo ushike miguu,” Kijakazi alimwambia Tawakali. “Mwanamume mzima, unatetemeka kama umemwagiwa maji!”

Bi Mwanasha akainama sikioni mwa Esha. “Wewe uliyepanda kichwani kwa mtu, nani wewe? Taja jina, upewe chako, uondoke.”

Mvumo. Kisha ile sauti: “Namba Tatu.”

“Nimekuuliza jina.”

“Namba Tatu naita. Nani anapokea?”

Bi Mwanasha akaketi, akajifuta jasho. “Nimetoa majini ya baharini, nimetoa ya makaburini, nimetoa hata moja lililotaka kanzu ya hariri. Namba sijapata kuitoa.” Akawatazama wote wawili. “Sikilizeni. Aliyekufa yuko kwa Mola wake, harudi. Hili ni jini la porini. Kuna mtu aliungua akiita, hakuitikiwa, akafukiwa bila talkini, bila kuitwa kwa jina lake kaburini. Sauti ikabaki ovyo hewani. Jini likaiokota, likaivaa kama shati. Na limeingia kwa huyu kwa sababu damu ni moja. Litatoka likiitwa kwa jina la mwenye sauti. Nani analijua?”

“Hatujui,” alisema Tawakali.

“Sikusema ninyi. Nimesema nani.”

Lengelenge moja likajitokeza kwenye kifundo cha mkono wa Esha, jeupe, limejaa maji. Lingine likafuata juu yake. Yalipanda mkono kama chungu wanaofuatana.

“Yakifika tumboni sina tena la kufanya,” Bi Mwanasha alisema taratibu.

Tawakali akapiga magoti. “Fakihi,” akatamka haraka. Huyo alikuwa mkata mkonge aliyekufa kwa homa.

“Sikupati,” sauti ikajibu. “Rudia.”

“Likwata.”

“Sikupati. Rudia.” Na safari hii ilicheka, kicheko cha kijana anayefundishwa mchezo mpya, na malengelenge yakavuka bega.

“Unalidanganya jini?” Kijakazi alinong'ona, macho yamemtoka. “Tawakali, unajua jina! Wallahi unalijua!”

Alilijua, na katika moshi ule kila kitu kilimrudia kwa mpigo mmoja, jinsi alivyopita ofisini siku ile akielekea harusini na kanzu yake mpya, akakuta mpokeaji wa simu ameondoka kujaza maji kwenye lori, akavaa visikizi kwa mazoea tu, akasikia Namba Tatu naita, moto, moto uko mlangoni, nani anapokea, na meneja akasimama nyuma yake na kumwuliza kwa nini hayuko kibandani, akajibu kwamba amekuja kuchukua betri na kibanda amekifunga kufuli, na meneja akauliza tena kama kule hakuna mtu, maana lori ni moja na moto umekaribia ghala pia, na yeye, huku sauti ya shemeji yake ikilia masikioni mwake, ikirudia namba kama alivyofundishwa, haikutaja jina hata mara moja, alivua visikizi akaviweka mezani polepole, akasema, hakuna mtu, Bwana; na usiku akaenda peke yake na jembe, akafukia kilichobaki katikati ya mistari ya mkonge, bila sanda, bila dua, akarudi nyumbani akala wali aliowekewa na mkewe.

“Mama,” alimwuliza Bi Mwanasha kwa sauti ndogo, “nikilitaja, mke wangu atasikia?”

“Atasikia. Jini likitoka, masikio ndiyo hurudi kwanza.”

Aliiona jela, aliiona kamba, lakini zaidi aliyaona macho ya Esha. Akajiambia labda litachoka, labda udi utafanya kazi. Malengelenge yakashuka ubavuni, yakakata kuelekea kitovuni, na chini ya shuka tumbo likaruka, likaruka tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani. Kisha likatulia.

Bi Mwanasha akaweka kiganja. Akakiacha hapo kwa muda mrefu, akakiondoa, hakumtazama Tawakali.

“Mmoja amekwenda,” alisema. “Sasa kaa hapo ufikiri, na huyu aliyebaki naye aende.”

Kijakazi akaanza kulia. Midomo ya Esha ilikuwa imepasuka kwa joto, nayo bado ilikwenda, namba tatu, namba tatu, nani anapokea, sasa kwa sauti iliyochoka, bila mikwaruzo hata kidogo, wazi kuliko simu yoyote iliyopata kuletwa Tanganyika.

Tawakali akalala kifudifudi kando ya mkeka, mdomo wake ukagusa sikio la mkewe.

“Nilikusikia,” alisema. “Tangu mara ya kwanza nilikusikia, Yahya.”