Gamba la Tano

Rafiki yangu Radim, tuliyefanya naye kazi karakana ya tramu hapa Ostrava, hapendi nisimulie haya. Mkewe alipofariki alimwachia nyoka wawili: mmoja mnene kama kifundo cha mkono, mwingine mwembamba kama kidole. Kila mara yule mdogo alipojivua gamba, Radim alilibandika kwenye fremu ya mlango na kuandika tarehe, kama watu wanavyopima urefu wa watoto. Yakafika manne.

Desemba, taa ya kumpa joto yule mdogo iliungua. Radim akamhamishia kwenye sanduku la kioo la mkubwa, akatoka kununua nyingine. Kwenye ngazi alimweleza jirani yake, Bi Jarmila.

"Marehemu hakuwachanganya hata siku moja," alisema mama huyo. "Yule mkubwa atamla mwenzake."

"Saa moja tu. Hata wao wanachoka kukaa peke yao."

"Uliyechoka ni wewe, Radim."

Aliporudi, giza lilikuwa limeshaingia. Alikuta nyoka mmoja, tumbo limevimba. Akalifunga sanduku la mdogo kwa kufuli, bila kuweka taa mpya.

Wiki tatu baadaye, akinywa supu peke yake, alisikia mkwaruzo wa taratibu ndani ya sanduku lile, kama kitu kinajisugua kwenye jiwe. Ukakoma. Akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na baridi na hamkuwa na kitu, isipokuwa gamba moja, bado lina unyevu.

Akalipeleka mlangoni, akalipima. Lilizidi lile la nne kwa urefu, kiasi cha upana wa vidole viwili.