Rael na Barua Iliyosomwa Mbio

Kila jioni Rael alirudi kutoka shule, akavua sare, akanywa uji, kisha akamsomea Kukhu. Kukhu alikuwa nyanya wa baba yake, ajuza wa miaka mia moja aliyeletwa Nairobi kutoka Butere mwaka huo wa 1976 ili atibiwe macho. Waliishi Muthangari, nyuma ya jumba ambamo baba alikuwa mpishi. Kukhu alipenda kusomewa kuliko chai, na chai aliipenda sana.

Siku moja ilikuja barua ya Zadock, mjukuu mwingine wa Kukhu. Jyoti, binti wa jirani, alikuwa ameshafika uani na mpira wa mchezo wa kati, na roho ya Rael ilikuwa huko huko nje. Akasoma juu juu, akiruka mistari. "Sisi hatujambo, ila Mama Milcah amelala tangu Jumapili. Salamu kwa wote." Akaikunja barua, huyo, akatoka mbio.

Aliporudi, alimkuta Kukhu akipanga nguo kikapuni, machozi yakimtiririka. Milcah ndiye binti pekee aliyebaki kati ya watoto sita wa Kukhu.

"Mwambie baba yako anitafutie basi," Kukhu alisema. "Mwanangu amelala. Nataka nimzike mwenyewe."

Rael aliduwaa. Kanisani kwao, kulala ni kufa. Akaifungua barua na kuisoma polepole. Haikuandikwa "amelala". Iliandikwa "amelazwa", na mstari aliouruka ulisema yuko hospitalini na ameanza kula. Angeweza kusingizia mwandiko wa Zadock, ambao kweli ulikuwa kama kuku amechakura, na nani angejua? Lakini alimpenda Kukhu mno, na aibu ikamshinda.

"Kukhu, nisamehe. Sikusoma vizuri, nilikuwa na haraka ya mpira. Hajafa. Amelazwa hospitalini, na ameanza kula."

Kukhu aliketi. Akaomba asomewe tena, mara tatu. Rael akangoja kofi ambalo halikuja.

"Nilizaliwa Buganda," Kukhu alisema. "Wakristo wa kwanza kwetu tuliitwa wasomaji, kwa sababu ya kitabu, na watu waliuawa kwa jina hilo. Baba yangu angesema tu, 'Mimi si msomaji,' tungebaki na shamba letu na ng'ombe wetu. Hakusema. Tukakimbia kupitia vinamasi, mimi nikiwa na miaka kumi, hadi tukapokelewa kwa Waluhya. Jina hilo lilitugharimu kila kitu, Rael. Wewe umelipata bure shuleni."

Rael alilia, na Kukhu akamvuta kifuani.

"Umeniliza kwa kusoma mbio, ukanifuta machozi kwa kusema kweli. Hilo la pili ndilo la ukoo wetu. Lakini kumbuka: anayemsomea mwenzake amebeba moyo wake mikononi. Usikimbie nao."