Yule wa Bahari

Soko kuu la Arua lilikuwa limefurika siku hiyo. Hadijah alikuwa amesimama mbele ya cherehani yake, gurbaba, shuka la Kinubi lenye maua mekundu, ikiwa imemkaa vizuri kiunoni, aliposikia sauti aliyoitoroka. Ilitoka katika simu ya kijana mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

*Nitajenga pwani nyumba, isiyo na makufuli,*
*Mchovu aliyeyumba, alale bila maswali.*

"Kaka, zima hiyo," Hadijah alisema. "Unafukuza wateja."

"Nizime? Dada, huyu humjui? Huyu ni Sheikh Tahiru, Mnubi wa Koboko. Anatunga juu ya nyumba ya bahari, mahali watu watapumzisha roho zao."

"Simjui. Na Koboko hakuna hata ziwa."

"Ndiyo utamu wenyewe!" kijana alicheka. "Mimi naitwa Muzamili. Nataka kanzu. Lakini ukinipima, usinichome sindano kwa hasira."

Hadijah alicheka bila kupenda. Alimpima mabega, akakosea vipimo mara mbili, kwa sababu kijana alikuwa mzuri, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amemkana baba yake mzazi katikati ya soko.

Sheikh Tahiru hakuwahi kuiona bahari. Aliiota akiwa kijana, na tangu hapo akaitungia mashairi. Aliwafundisha wanafunzi wake zikri huku akiwaahidi kwamba siku moja watakaa naye khalwa, faragha ya ibada, mbele ya maji yasiyo na mwisho. Watu walimpenda, wakamcheka vilevile. Watoto wa jirani walimwita Hadijah Samaki. "Samaki, baba yako amepata mtumbwi?" Alipokua alihamia Arua, mtaa wa Awindiri, kwa Yugu, mdogo wa baba yake, akajifunza kushona na kunyamaza.

Kanzu ikaisha, lakini Muzamili akaendelea kuja. Leo amekosa kifungo, kesho amemletea kahawa ya tangawizi.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na kazi. Wewe huna kazi?"

"Kazi yangu ni wewe."

Siku Muzamili alipomwambia anataka kumwoa, akamuuliza habari za wazazi wake, Hadijah alijibu haraka, "Mama yupo. Baba ni marehemu."

Neno lilimtoka, halikurudi. Muzamili alimpa pole kwa upole uliomchoma. Hadijah akaamua moyoni kwamba atambembeleza baba mdogo awe walii wake, nikaha ifungwe Arua, na Koboko wasikie baadaye. Alijua vizuri kwamba baba akiwa hai, baba mdogo hana haki ya kumwozesha. Alijua, akajisahaulisha.

Kisha Muzamili akapiga simu.

"Malkia wangu! Nina zawadi. Kisia niko wapi."

"Wapi, mpenzi?"

"Koboko! Nimetoka kwa Sheikh Tahiru. Amekubali yeye mwenyewe kufungisha nikaha yetu."

Mkasi ulimponyoka Hadijah, ukaanguka juu ya kitambaa cha mteja.

"Ume... umemwambia nini?"

"Nilimwonyesha picha yako. Aliitazama mpaka simu ikazima mwanga. Akauliza, 'Na baba yake binti huyu?' Nikamwambia marehemu. Sheikh akainua mikono, akamwombea maghufira baba yako. Wanafunzi wote wakaitikia amina. Hadijah? Unalia? Pole, mama, najua unamkumbuka."

"Muzamili. Yule uliyemwonyesha picha ndiye baba yangu."

Kelele za boda za Koboko zilisikika mbali.

"Mimi nimempelekea mtu habari ya kifo chake mwenyewe?" sauti yake ilikuwa imekauka. "Na wewe, kama umeweza kumzika baba yako akiwa hai, mimi utanizika lini?"

Akakata.

Asubuhi Hadijah alishuka Koboko, mtandio umefunika nusu ya uso. Alimkuta baba yake mkekani na wanafunzi wake, amepungua mwili, ndevu nyeupe tupu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Dada, karibu. Wewe nani?"

Sheikh alimwahi. "Ni mgeni kutoka Arua. Mpeni maji."

Alikuwa anampa njia ya kutokea. Hadijah aliiona njia hiyo, na aibu yake ikazidi.

"Mimi si mgeni," alisema akipiga magoti. "Mimi Hadijah, binti Tahiru. Marehemu mliyemwitikia amina ni huyu. Nilimwonea haya."

Sheikh alikunja ncha ya kanzu yake, akaikunjua.

"Baba, kwa nini hukumwambia?"

"Nilidhani ndivyo unavyotaka, nikuache. Hata mimi nina haya, mama. Nilisikia watoto walivyokuita Samaki, nikaendelea kutunga. Umekula?"

Hapo Muzamili akatokea mlangoni. Alikuwa amelala kwa shangazi yake hapo Koboko, amekuja kuomba radhi. Hakumtazama Hadijah.

"Sheikh, nisamehe kwa ile dua."

"Dua haiharibiki," mzee alisema. "Nitaihitaji bado kidogo." Wanafunzi wakacheka, Muzamili akajizuia. "Ulikuja kwangu kutafuta shehe, mwanangu. Kwa baba hujaja bado."

"Nikija, nitakuja na wazee wangu. Mama yangu ameshawaambia kwamba baba wa binti hayuko. Nani atawaambia leo?"

Hadijah akanyoosha mkono. "Nipe simu yako."

Alimpigia mama yake Muzamili mbele yao wote, spika imefunguliwa.

"Halo, mwanangu!"

"Mama, shikamoo. Ni Hadijah. Nilidanganya. Baba yangu iko hai, iko hapa Koboko. Anaitwa Sheikh Tahiru."

"Tahiru gani? Si yule ya bahari?"

"Huyohuyo, mama. Yule ya bahari."

Kicheko kikatoka katika simu, kile kile cha mji mzima, kirefu. Uso wa Hadijah uliwaka, machozi yakamfika kidevuni, lakini hakuishusha simu. Muzamili alivua viatu, akaja kukaa pembeni ya mkeka, si mbali naye.

"Wewe mtoto!" mama alisema, bado anatweta. "Umenitia aibu kwa wazee. Tutaongea, mimi na wewe. Sasa mpe baba yako hiyo simu. Mkwe hasalimiwi kwa mdomo ya mtu mwingine."

Hadijah akaishika simu kwa mikono miwili, akampelekea baba yake.