Insha ya Velma na Merikebu ya Misumari

Katika nyumba ya kina Velma, watu walionana kwa kupishana mlangoni. Baba yake, Philip, alitoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la kampuni. Mama yake, Milcah, aliyekuwa muuguzi, alirudi saa kumi na mbili na nusu akitoka zamu ya usiku, macho mekundu, viatu mkononi. Katikati ya kuondoka huyu na kurudi yule, nyumba ilikuwa mikononi mwa Velma, msichana wa miaka kumi na miwili.

Ndiye aliyemwamsha mdogo wake Lenny, akamwosha, akamnywesha uji na kumtafutia kiatu. Kiatu cha Lenny kilikuwa na tabia ya kupotea kila siku ya Mungu, tena kila siku cha kushoto. Mama alipoingia, Velma alimkabidhi mtoto, akabeba mkoba na kushuka ngazi mbio kuliwahi basi la shule. Wapangaji wengi wa jengo lao katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye nchi ya Kiarabu walikofuata kazi, waliishi hivyohivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Jumamosi ilikuwa tofauti. Siku hiyo Velma alikwenda mtaa wa Al Mansoura, kwenye darasa la Kiswahili la Mwalimu Emily. Siku za wiki Mwalimu Emily alikuwa karani ofisini. Jumamosi aliwakusanya watoto kumi na wanne wa Kikenya na Kiganda sebuleni kwake, akawafundisha lugha. Alisema ameshindwa kuvumilia watoto wanaomsalimu nyanya yao kwenye simu, kisha wakakwama kama gari lililoishiwa mafuta.

Jumamosi moja Mwalimu aliwapeleka kwenye jumba la makumbusho. Kulikuwa na maonyesho ya Waviking, mabaharia wa zamani wa nchi za baridi huko kaskazini, ambao walizika wakubwa wao ndani ya merikebu pamoja na vyombo vya nyumbani.

"Kila mmoja achague kitu kimoja tu," Mwalimu alisema wakiwa mlangoni. "Kaa mbele yake nusu saa. Sitaki picha, sitaki simu. Tazama kwa macho yako, halafu uniandikie ulichokiona. Insha bora itasomwa Jumamosi ijayo mbele ya wazazi."

Velma aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mama yake hakuwahi kuhudhuria sherehe yoyote ya darasa lile. Kila mara alikuwa kazini, au amelala kwa ajili ya kwenda kazini.

Lakini usiku uliotangulia Lenny alikuwa na homa. Mama alikuwa hospitalini akihudumia wagonjwa wa watu, Baba amelala fofofo kwa uchovu, na Velma ndiye aliyekesha akimkanda mtoto kwa kitambaa chenye maji. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa na kiyoyozi na mwanga hafifu. Velma aliona benchi lenye mto, akaketi aamue atazame nini. Hakukumbuka kilichofuata.

"Velma! Amka, tunaondoka!"

Aliyemtikisa alikuwa Michelle, rafiki yake wa dawati moja. Velma aliruka. "Nimelala muda gani?"

"Tangu tuingie. Mimi nimeichora ndoo moja ya Waviking mpaka nikaijua kama ndoo ya kwetu. Wewe je?"

Velma alitazama mlangoni. Wenzake walikuwa wamejipanga tayari. Alipopita mlangoni alichukua kijitabu cha maonyesho kilichokuwa mezani, akakikunja na kukitia mfukoni.

Baba yake alikuwa mlinzi katika jumba hilohilo. Kwa kawaida alisimama ndani ya ukumbi ule ule wa Waviking saa kumi na mbili kwa siku. Ila Jumamosi ile mwenzake aliumwa, naye akapelekwa kulinda lango la nyuma, kule jua linakochoma. Kwa hiyo hakumwona binti yake akikoroma mbele ya historia.

Jumapili, ambayo huko ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya shule, Velma alirudi nyumbani akakifungua kijitabu. Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na picha ya sleji, gari la mbao lisilo na magurudumu, la kuteleza juu ya theluji. Lilichongwa nakshi kila mahali, na kwenye pembe zake kulikuwa na vichwa vya wanyama. Chini yake paliandikwa: kabati la kumi na tisa. Velma aliikazia macho picha ile, kisha akaandika:

"Nilisimama mbele ya kabati la kumi na tisa. Mnyama wa mbao alinitazama kama anayeniuliza nimetoka wapi. Nikazunguka upande wa pili, nikaona ufa mwembamba kwenye ubao, nikawaza labda sleji hii iligonga jiwe siku ya mazishi."

Ilikuwa insha tamu, hilo hatuwezi kulikana. Ubaya wake ni kwamba haikuwa na ukweli hata chembe.

Jumatano jioni ujumbe wa Mwalimu ukaingia kwenye simu ya Mama: insha ya Velma imechaguliwa, ya Michelle ni ya pili. Mama, ambaye alikuwa akivaa sare kwenda kazini, alimkumbatia Velma mpaka vifungo vikamkwaruza shavu.

"Jumamosi nitakuja," alisema. "Hata nikimpigia mwenzangu magoti anibadilishie zamu, nitakuja."

Velma alitabasamu. Alijua kwamba kusema sasa ni rahisi kuliko kusema kesho. Hakusema. Usiku huo alipata usingizi wa mang'amung'amu.

Alhamisi jioni Baba alirudi kutoka kazini. Alitia miguu yake katika beseni la maji moto yenye chumvi, kama alivyofanya kila jioni, akafumba macho.

"Haya, mama," alisema. Alipenda kumwita binti yake hivyo. "Nisomee hiyo insha iliyomfanya mama yako aimbe kwenye ngazi."

Velma akasoma. Alipofika mwisho, Baba alikuwa amefumbua macho.

"Hapo pa kuzunguka upande wa pili. Parudie."

Akaparudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Kabati namba ngapi, ulisema?"

"Kumi na tisa, Baba."

Baba alichukua taulo. Kisha akaitoa miguu majini, akaifuta taratibu, kidole kwa kidole. "Kesho twende tukalitazame pamoja," alisema. "Mimi nimelisimamia miezi miwili, kumbe sijaliona vizuri kama wewe."

"Lakini Baba, kesho ndiyo siku yako ya kupumzika! Miguu yako je?"

"Miguu imeshazoea."

Velma alitamani aseme pale pale. Badala yake alibeba beseni akaenda kumwaga maji.

Ijumaa alasiri walipanda metro. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na bado alichechemea kidogo. Mlangoni kwenye ukumbi walimkuta Ronny, mlinzi kutoka Uganda, yule mwenzake aliyeumwa, sasa amepona na kurudi kazini.

"Banange! Philip, hata siku ya mapumziko unakuja huku?" Ronny alishangaa. "Mudir, bosi wetu, akikuona atakupanga zamu!"

"Leo mimi ni mgeni," Baba alijibu. "Nimeletwa na binti yangu."

Hakwenda moja kwa moja mwisho wa ukumbi. Alianza mwanzo, polepole, kama mwenye nyumba anayemtembeza mgeni. Mbele ya merikebu alisimama. Haikuwa na mbao hata moja. Misumari ya chuma iliyoshika kutu, mamia kwa mamia, ilining'inizwa kwa nyuzi nyembamba hewani, kila mmoja mahali pake, nayo yote kwa pamoja ikachora tumbo la merikebu, ubavu wa kulia na wa kushoto, omo mbele na tezi nyuma.

"Mbao zilioza ardhini," Baba alieleza. "Misumari ikabaki palepale ilipogongewa. Waliochimba hawakuhamisha hata mmoja kabla ya kuandika ulikuwa wapi. Ndiyo maana leo tunaiona merikebu ambayo haipo. Mtu mmoja angechoka akakisia, ingepinda."

Velma aliitazama misumari ile, na kwa mara ya kwanza akaiona kweli. Alikuwa amelala hatua kumi kutoka hapo.

Wakaingia chumba cha mwisho, kidogo, ambako siku ile hakuna mwenzake aliyeingia, wala Mwalimu. Kabati la kumi na tisa lilikuwa pembeni. Taa yake ilikuwa ikiwaka. Ndani kulikuwa na kitambaa cheusi na kadi moja ndogo yenye maneno ya Kiarabu na Kiingereza: kifaa hiki kimeondolewa kwa matengenezo. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Kabati lilikuwa tupu. Velma aliisoma kadi mara ya pili. Baba hakumtazama hata, alitazama kioo tu, mikono nyuma, kama alivyosimama kila siku. Afadhali angemfokea.

"Baba," Velma alisema mwishowe, "sikuliona. Nilitazama picha kwenye kijitabu. Siku ile nililala kwenye benchi mpaka Michelle akaja kuniamsha."

"Kwamba hukuliona nilijua tangu jana. Kwamba ulilala, hilo sikujua." Baba alishusha pumzi. "Kulala si kosa, mwanangu. Mimi mwenyewe nimewahi kusinzia hapa nikiwa wima. Lakini nikuambie kazi yangu. Kila asubuhi napita na daftari la zamu, kabati kwa kabati, naandika nilichokiona. La kumi na nane, vitu sita. La kumi na tisa, tupu. Kuna asubuhi miguu inauma, naona afadhali niandike 'vyote vipo' nikakae. Nikifanya hivyo mara moja tu, siku kitu kikipotea hakuna atakayeliamini daftari langu, hata kurasa zile nilizoandika kweli."

Velma alilia. Wazee wetu hawakukosea waliposema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imeanzia kwenye benchi na kuishia chumba cha pili tu.

"Tutafanya nini? Mama ameshabadilisha zamu."

"Sisi? Mimi sikuandika insha," Baba alisema, lakini kwa upole, huku akimpa simu.

Walitoka nje kwenye kivuli cha ukuta, Velma akampigia Mwalimu Emily. Alieleza yote, kuanzia benchi hadi kijitabu.

"Nimekusikia, Velma," Mwalimu alisema. "Kesho atasoma Michelle, na ni haki yake. Wewe utaniandikia nyingine ya kitu ulichokiona kwa macho. Nitaisahihisha kama za wengine, lakini haitasomwa mbele ya watu. Na kesho uje. Usijifiche nyumbani."

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Walipofika nyumbani Mama alikuwa akimpigia Velma pasi gauni la kesho. Velma alisimama mbele yake akasema. Mama aliizima pasi, akaketi kitandani.

"Kwa hiyo nimembembeleza mwenzangu bure," alisema taratibu. Uso wake ulichoka ghafla, kama wa mtu aliyeambiwa arudi kazini. Halafu akauliza, "Mbona hukumwambia Mwalimu kwamba ulikesha na mtoto? Mbona hukuniambia mimi?"

"Kila mtu humu ndani amechoka, Mama. Ningemwambia nani?"

Mama na Baba walitazamana. Mwishowe Mama alimvuta Velma akamkalisha kando yake.

"Hilo ni letu, si lako," alisema. "Nitaongea na Shiru wa chumba cha jirani, siku za zamu zangu za usiku Lenny alale kwake. Na baba yako ataamka mtoto akilia, hata kama ni kwa kumwagiwa maji."

"Nitaamka," Baba alisema kwa aibu.

Kesho yake sebule ya Mwalimu Emily ilijaa wazazi. Mama alikuja, ingawa alikuwa ametoka zamu asubuhi ileile, kwa kuwa alikuwa amemrudishia mwenzake usiku wake wa kupumzika na kuingia kazini mwenyewe. Michelle alisimama akasoma insha yake ya ndoo: pete zake za shaba, kishikio chake kilichopinda, na mtu wa kale aliyeona kwamba mpendwa wake atahitaji kuteka maji hata huko aendako. Velma alisikiliza. Iliuma, tena sana. Hata hivyo alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, kwa sababu ile ndoo ilikuwa ya kweli.

Mwalimu Emily aliwageukia wazazi. "Haya, tusikie. Mama Velma, wewe umependa sehemu gani?"

Watu wote wakamgeukia Milcah. Ndiyo kwanza alikuwa amefumbua macho, na alama ya ukingo wa kiti ilikuwa shavuni mwake. Angeweza kusema ndoo. Angeweza kusema yote mazuri, na hakuna ambaye angegundua.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Sijui. Nililala."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata Michelle. Mwalimu akacheka mpaka akafuta miwani, kisha akamwomba Michelle asome tena kwa ajili ya Mama Velma. Mama alijiweka sawa kitini, akainama kwenye sikio la binti yake.

"Umeona, mwanangu? Uchovu si aibu, ukweli wake ni maneno mawili tu," alinong'ona. "Na hayajaniua."