Petroli ya Bakari na Mteremko wa Soni

"Gari la mwanao wanaliita Bubu."

Maneno hayo Mwanamisi aliyasikia Soni, siku ya gulio, akiwa anapanga mafungu ya karoti. Aliyemwambia alikuwa Asha, muuza maharage wa pembeni yake. Asha hakuwa mtu wa fitina. Alisema huku akipepeta maharage yake, kwamba vijana wa stendi ya Mombo ndivyo wanavyoliita. Magari mengine yakishuka mlima unayasikia tangu juu. La Bakari halisikiki. Unashtukia limeshafika.

"Labda kwa kuwa ni jipya," Mwanamisi alisema.

"Labda. Ila wanasema anazima injini."

Mwanamisi aliuza karoti mpaka zikaisha, lakini neno lile halikumtoka. Alimrudishia mteja chenji ya watu wawili. Alipanda kwenda nyumbani Vuga nalo, akasonga ugali nalo, akalala nalo.

Bakari alikuwa kitinda mimba wake. Miaka ile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalishushwa bandarini Dar es Salaam kama viazi gulioni. Bakari na baba yake, mzee Rajabu, walikata miti yao ya miwati wakaiuza, wakanunua moja. Halikuwa dogo wala kubwa. Lilikuwa limeinuka kama gari la porini, lakini ndani viti vyake vilikuwa laini kama vya teksi. Gia zake zilikuwa za oto, zinajibadilisha zenyewe. Magurudumu yote manne yalivuta kwa pamoja. Tena lilikuwa na tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili iwe na nguvu.

Masika, njia ya Vuga ikiwa tope tupu, malori yalikwama lakini Bakari alipita. Alipeleka wagonjwa hospitali ya Bumbuli. Alishusha kabichi na abiria Mombo. Watu walimpenda, na yeye alijua anapendwa.

Shida yake ilikuwa petroli. Aliyemuuzia alimwambia gari litakwenda kilomita kumi na tatu kwa lita moja. Bakari alikuwa anapata sita. Kwanza alidhani tanki limetoboka. Akalala chini ya gari na tochi, asione kitu. Akaanza kuutazama mshale wa petroli kuliko anavyoitazama barabara. Akaacha utani wake. Chakula kikiletwa alikuwa anamega tonge moja na kubaki amelishika mkononi.

Asubuhi moja mama yake alimkuta anafuta kioo.

"Bakari, unazima gari mlimani?"

"Nani kasema?"

"Nimeuliza mimi."

"Mama, hayo ni ya watu. Niambie dereva gani asiyeshuka Soni na frii. Mafuta atayatoa wapi?"

Mwanamisi akauliza frii ni nini. Bakari akamweleza harakaharaka kwamba ni kulitoa gari kwenye gia, literemke lenyewe. Lakini lile la kuzima hakulijibu. Mwanamisi aliliona hilo. Mtoto uliyemzaa unamjua anaporuka swali.

Siku ya pili yake akasema anataka kwenda Mombo kununua chumvi.

"Chumvi hapa Vuga ipo, mama."

"Ya Mombo imekolea," alisema, akapanda mbele.

Nyuma alikaa Asha na magunia mawili ya maharage, na abiria wengine wawili. Juu, kwenye keria, zilifungwa kabichi. Walipoipita Soni barabara ikaanza kuinama. Upande wao ulikuwa ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na mto chini kabisa. Bakari akasogeza mkono wa gia, akazungusha ufunguo. Injini ikanyamaza.

Mwanamisi akaanza kusikia vitu ambavyo hajawahi kuvisikia ndani ya gari. Upepo dirishani. Maji ya mto. Kabichi zikigongana juu ya kichwa chake.

"Umeona?" Bakari alisema. "Kuanzia hapa mpaka chini hatunywi hata tone."

Asha alianza kusoma dua kwa sauti ndogo.

Kona za mwanzo walizipita salama. Mbele, kwenye kona kali, lori la saruji lilikuwa linapanda, nalo limeijaza barabara. Bakari akakanyaga breki. Ikashika. Akakanyaga tena, ikashika kidogo. Akakanyaga tena, ikawa ngumu kama jiwe. Usukani nao ukawa mzito, akauvuta kwa mikono miwili kama anayevuta ndama asiyetaka kuingia bandani. Mwanamisi alinusa kitu kinachoungua.

Bakari akavuta breki ya mkono na kulielekeza gari mtaroni, upande wa mlima. Likakwaruza ukuta, likainama, likasimama. Lori likapita na vioo vyao vikikosana kwa unene wa kidole. Kabichi zilikatika kamba, zikaendelea na safari ya Mombo peke yake.

Hakuna aliyeumia, ila Asha alijigonga paji la uso. Dereva wa lori aliegesha, akarudi kwa miguu. Aliangalia ufunguo, akaelewa. Alikuwa Mshambaa mwenzao.

"Mgosi, bwana," alimwambia Bakari taratibu, "petroli umebana. Sanda ya huyu mama umeshanunua?"

Mikono ya Bakari ilikuwa bado kwenye usukani, imeukaza kana kwamba gari linakwenda. Mwanamisi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Alipoiona ile mikono, akaanza kuibandua usukanini, kidole kimoja kimoja.

Lori liliwavuta kutoka mtaroni. Walingoja breki zipoe, wakawasha injini, wakarudi Vuga mwendo wa kobe. Walipofika nyumbani Mwanamisi alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Alisema hautoki mpaka aje Modesta, rafiki yake dereva.

"Mama, kesho nina abiria."

"Watatembea. Walio hai hutembea."

Bakari alimgeukia baba yake. Mzee Rajabu alitazama kanga, akatazama ubavu wa gari uliochubuka. "Mwenye pindo kasema," alijibu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Modesta na Mwanamisi walikaa dawati moja shule ya msingi. Baada ya darasa la saba Mwanamisi aliolewa, Modesta akajifunza udereva. Sasa ilikuwa miaka mingi anaendesha magari ya misheni huko Bumbuli, kupeleka dawa na wakunga kwenye vijiji ambavyo hata mbuzi huvipanda kwa kufikiri. Alikuja Jumamosi.

"Shikamoo mama," Bakari alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nasikia unafuga simba, halafu unalalamika anakula nyama."

Bakari akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akamweleza Modesta habari ya kilomita kumi na tatu, na jinsi alivyodanganywa.

Modesta alisema namba ile pengine haikuwa uongo. Namba kama hizo hupimwa gari likiwa tupu, njia tambarare, dereva mpole. "Namba ni ya gari," alisema. "Si ya Soni. Wewe una watu wanne, una kabichi juu, una mlima. Na hili linavuta kwa miguu minne, tena lina tabo. Mbuzi na ng'ombe hawali sawa. Ukifanya kila kitu vizuri utapata nane. Ukipata nane, shukuru."

Bakari aliinamisha kichwa. Alionekana mwenye huzuni, na pia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwa hiyo sikuibiwa?"

"Aliyekuibia ni huo mguu wako wa kulia."

Akamweleza. Ukikanyaga mafuta taratibu, tabo inapumua tu. Ukikanyaga mpaka chini, inasukuma hewa nyingi kwenye injini, na hewa nyingi huita petroli nyingi. Bakari alikuwa na tabia ya kuruka kila akitoka kituoni, ili watu waone nguvu ya gari. Kila mruko ulikuwa unakunywa.

Kisha Modesta akalizunguka gari. Alisimama kwenye matairi ya nyuma. Yalikuwa makubwa kuliko ya mbele. Bakari alisema aliyapata kwa bei nzuri.

"Umewahi kubeba mgonjwa kwa machela?" Modesta alimuuliza.

"Mara nyingi."

"Wabebaji wawili wakiwa warefu na wawili wafupi, inakuwaje?"

"Wanavutana. Wanachoka haraka."

"Basi ndiyo haya. Gari linalovuta kwa magurudumu manne linataka matairi manne ya ndugu mmoja. Yasipolingana yanashindana, yanakula petroli, mwisho yanakula na gia zake."

Aliangalia upepo wa matairi, akakuta umepungua. Akauliza kwa nini keria iko juu hata siku isiyo na mzigo. Inaziba upepo bure, alisema, na injini inalipia. Akauliza kuhusu asubuhi. Bakari akakubali kwamba kwa ile baridi ya Julai huwa analiacha linanguruma mpaka amalize chai. Modesta akasema dakika moja inatosha, halafu uondoke polepole. Mwisho akanusa dumu la petroli lililokuwa ukumbini, lililonunuliwa njiani, akakunja uso. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa. Injini yenye tabo haivumilii hilo.

"Sasa tuje kwenye kifo," alisema, akakaa kwenye kigoda.

Hapo hakufanya utani. Alisema breki ya gari la siku hizi inasaidiwa na injini. Ukiizima, msaada uliobaki ni wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Baada ya hapo unakanyaga ukuta. Usukani nao ni hivyohivyo. Gia za oto zinakosa oili wakati magurudumu yanazunguka. Na tabo iliyotoka kupanda mlima ni ya moto kama chungu jikoni. Ukilizima gari ghafla, oili inaungua humohumo.

"Basi nisizime. Niweke frii tu," Bakari alisema.

"Frii ni ndugu yake. Breki peke yake haiwezi kulishika gari mpaka Mombo, itaungua. Halafu sikiliza, maana hili hamlijui. Ukiwa frii, injini inakunywa petroli ili isizimike. Ukiiacha kwenye gia ya chini na kuondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta ya gari inafunga petroli. Inafunga kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inayazuia yasikimbie."

"Inanguruma hivyo, na hainywi?"

"Ngurumo siyo kunywa."

Bakari alitazama chini, hakuamini. Ndipo Mwanamisi, ambaye muda wote alikuwa anamenya viazi, akanyanyua uso.

"Ni kama kushuka na mzigo wa majani," alisema. "Unakaza visigino kila hatua. Huwezi kuiachia miguu ikimbie, utafika chini kabla ya mzigo."

Modesta akampiga bega. Alisema ndiyo maana walikuwa wanaibiana majibu darasani.

Bakari akasema, "Yaani petroli niliyokuwa naiiba kwa kuzima ilikuwa yangu tangu mwanzo."

Juma lile hakubeba mtu. Fundi alibadilisha pedi za breki, maana zilikuwa zimeungua. Matairi ya nyuma aliyauza, akatafuta yanayolingana na ya mbele. Keria ikashushwa, ikawa inafungwa siku ya mzigo tu, na mzigo ukapunguzwa. Modesta alimfundisha kupima: ujaze tanki mpaka lifurike kiasi kilekile, kwenye pampu ileile, uandike kilomita. Utembee siku kadhaa, kupanda na kushuka. Ujaze tena, ugawe kilomita kwa lita ulizoongeza. Usipime kwa safari ya kushuka peke yake, utajidanganya.

Mwanamisi alifungua pindo, akampa ufunguo. Lakini alisema safari ya kwanza atakaa mbele. Bakari akamfungulia mlango.

Walipoipita Soni, Bakari akashusha gia na kuondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likashikika. Kwenye kona aligusa breki kidogo, akaachia. Nyuma Asha alikuwa amefumba macho. Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Chini Mombo, Bakari alisogeza kiganja karibu na gurudumu. Halikuwa na moto wa kuunguza, wala harufu.

Baada ya majuma mawili alipima. Alipata karibu nane. Petroli iliyokuwa inaisha kabla hajamaliza safari ya tatu sasa ilimaliza safari hiyo na kubaki. Madereva wengine walimcheka kwamba anaendesha kama bibi harusi. Wawili wakaja faraghani kuuliza. Aliwaonyesha.

Mwanamisi aliendelea kushuka naye siku za gulio la Mombo. Siku moja Bakari alimwonyesha kitu barabarani, asijibiwe. Akageuka. Mama yake alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, na walikuwa bado hawajafika nusu ya mteremko.

Ukiendesha gari milimani, epuka haya:

Usizime injini gari likiwa linateremka.

Usishuke na frii. Tumia gia ya chini, uondoe mguu kwenye mafuta.

Usikanyage breki mfululizo. Gusa, achia.

Usizime gari lenye tabo mara tu ukimaliza kupanda mlima. Liache lipumue dakika moja au mbili.

Usikanyage mafuta mpaka chini ili kuonyesha watu nguvu ya gari.

Usichanganye matairi ya ukubwa tofauti kwenye gari linalovuta kwa magurudumu manne. Usisahau upepo wake.

Usitembee na keria isiyo na mzigo, wala usizidishe mzigo.

Usinunue petroli ya madumu njiani.

Usitegemee namba ya muuzaji. Pima mwenyewe, kupanda na kushuka.

Usihesabu petroli uliyobana kabla ya kuhesabu watu uliowapakia.