Bwana Ndege na Mrina Asali wa Mzenga

Kanga hurudi mitini jua linapozama, na Kapteni Pelham alipenda kuwawinda saa hiyo. Hicho ndicho kilichotupeleka pori la Mzenga jioni moja ya mwezi wa sita, mwaka 1951. Kanga wawili tu, wa mchuzi. Yeye alibeba bunduki. Mimi nilibeba gunia na chupa ya maji.

Nilikuwa mpishi wake. Yeye alikuwa rubani wa shirika moja la ng'ambo, akiendesha ndege ya injini nne kutoka London hadi Dar es Salaam kupitia Cairo, Khartoum na Nairobi. Kila safari ilipokwisha alipumzika siku nne katika nyumba aliyopanga Kisarawe, kwa kupenda hewa ya vilima. Watu walimwita Bwana Ndege. Sitamsingizia. Kwangu hakuwa mtu mbaya. Mke wangu Biasha alipougua kifua, yeye ndiye aliyemletea dawa kutoka kwao, na Biasha akapona. Basi nilikuwa nimezoea kumtii, na jioni ile nilimtii pia.

Kichaka kilitikisika. Akapiga.

Sauti iliyotoka mle haikuwa ya ndege.

Tulimkuta mtu amelala chali chini ya mti, mzinga wa nyuki umepasuka kando yake, asali na damu vimechanganyika kwenye majani. Nilimjua. Alikuwa Kitwana, mrina asali, mtoto pekee wa Bi Mwanamkuu wa Mzenga. Zile punje ndogo za risasi, marisau, zilimtoboa kifua na shingo. Lakini alikuwa hai. Macho yake hayakumtazama mzungu. Yalinitazama mimi.

"Mbaraka," akanong'ona. "Maji."

Nikafungua chupa. Kapteni akanishika mkono.

Alisema mengi kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Kwamba gari liko mbali na mtu huyu hatafika hospitali. Kwamba habari hii ikijulikana atanyang'anywa leseni na hataruka tena maisha yake yote. Nilimwambia nina nguvu, nitambeba mgongoni. Akatikisa kichwa. Kisha akaigeuza bunduki, akaishika kwa mtutu.

"Mshike miguu," akasema.

Nilimshika miguu.

Pigo la kwanza, Kitwana alirusha magoti. La pili, nilisikia mfupa. La tatu... miguu ikalegea mikononi mwangu, ikawa mizito kama gogo lililolowa.

Tulimfukia palepale kwa koleo nililolifuata garini, bila sanda, bila dua. Kesho yake Kapteni akaruka kwenda zake London. Mimi nikabaki.

Watu wa Mzenga walimtafuta siku sita, nami nilikuwa miongoni mwao. Niliwaambia nilimwona akielekea upande wa mto, nikawaongoza huko mwenyewe, nikiita jina lake kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya saba, baada ya alasiri, Bi Mwanamkuu alikuja Kisarawe, akaketi kwenye kizingiti cha jiko langu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfinyanzi wa vyungu, udongo haumtoki kwenye kucha. Wengine walisema ana pepo wa kurithi kwa bibi yake. Wengine walisema ni maneno tu ya wanaomtakia ubaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alinitazama nikipika mpaka wali ukaanza kuungua. Kisha akaniuliza bwana wangu anarudi lini. Nikamwambia wiki ijayo. Akasimama, akajikung'uta kanga.

"Waliokufa huita kutoka chini," akasema. "Huyu wangu ananiita kutoka juu. Juu kabisa, mahali penye baridi. Nami siwezi kufika huko."

Akaondoka zake. Sikula siku ile.

Kapteni aliporudi hakuwa yule niliyemjua. Mashavu yalimbonyea, na chai aliiacha ikapoa mezani. Aliniambia yaliyomkuta, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Walikuwa juu ya jangwa la Sudani, anga safi, injini zinavuma vizuri. Ghafla ikapita harufu ya asali, nzito, kama mtu amepasua mzinga ndani ya chumba cha marubani. Halafu sauti, nyuma ya kiti chake. Akadhani ni uchovu. Lakini msaidizi wake, kijana wa Kiingereza asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alivua vile vyombo vya masikioni akamwuliza:

"'Maji' ni nini? Nani anasema 'maji'?"

Safari ya pili sauti ilianza mapema, kabla hawajafika Nairobi. Haikunyamaza mpaka London. Safari ya tatu, Kapteni alisema, mikono fulani ilimkamata vifundo vya miguu pale chini kwenye pedali, ndege ikayumba, abiria wakapiga kelele. Alipofika Kisarawe alinivulia soksi. Alama za vidole zilikuwa nyeusi, kumi kamili.

Alilia mbele yangu. Akasema twende tukamfukue, tumpeleke kwa mama yake, lolote na liwe. Nami nilishukuru, wallahi. Nilidhani tumeona njia.

Tulifika pale jua lingali juu kidogo ya miti. Ulikuwa mwezi wa nane na ardhi ilikuwa kavu, inapasuka. Bunduki ilikuwa nyumbani, imefungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nasema hivyo kwa sababu nilikuja kuulizwa sana baadaye.

Kapteni alichimba mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Koleo lilipogusa majani tuliyomfunikia, nilijiziba pua nikingoja uvundo.

Hapakuwa na uvundo.

Palikuwa na harufu ya asali. Na chini ya asali... baruti.

Akaondoa majani kwa mikono. Kitwana alilala vilevile tulivyomlaza, siku sitini na kitu, ngozi haijaoza. Midomo yake ilikuwa imelowa, na kwenye pembe ya mdomo maji yakimtiririka taratibu. Udongo aliolalia ulikuwa vumbi.

Kapteni alinigeukia aniambie kitu.

Shati lake likatoboka.

Hapakuwa na mlio. Matundu madogo yalifunguka kifuani na shingoni, mengi kwa mara moja, na kila tundu likatoa damu. Akajitazama. Akaweka kiganja juu ya matundu kama mtu anayezuia mtungi usivuje. Kisha akapiga magoti pembeni mwa shimo.

"Mbaraka," akasema. "Maji."

Sikuwa nayo. Hata ningekuwa nayo, sijui.

Pigo la kwanza lilimwangusha kifudifudi. Niliona nywele za kisogoni zikibonyea, sikuona kilichozibonyeza. Pigo la pili nikasikia mfupa. Nikageuka nikimbie.

Nikashikwa miguu.

Nilianguka, mdomo ukajaa mchanga. Mikono ilikuwa ya baridi, tena yenye nguvu za mtu anayefanya kazi aliyotumwa. Nilikwangua ardhi mpaka kucha mbili zikang'oka. Nyuma yangu nikasikia pigo la tatu, kisha kimya. Halafu vitu vile vilivyonishika vikaanza kunivuta kurudi nyuma, shubiri kwa shubiri, kuelekea shimoni.

Sikuomba Mungu. Najua ningepaswa. Nilisema tu, nitasema, nitasema, nitasema.

"Kitwana."

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama kwenye njia. Hakuja mbio wala hakupaza sauti. Alizungumza kama mama anayemwita mtoto kutoka michezoni.

"Mwachie. Huyu atasema."

Mikono ikafunguka.

Nilisema usiku uleule, kwenye maziko ya Kitwana, mbele ya watu wote wa Mzenga, nikiwa sijaweza kusimama. Nilieleza chupa, koleo, na miguu niliyoishika. Shomari, mdogo wa marehemu baba yake Kitwana, alinipiga kwa mpini wa jembe mpaka likavunjika bega langu la kushoto, na hakuna aliyemzuia isipokuwa Bi Mwanamkuu, naye alimzuia baadaye sana. Asubuhi wakanipeleka bomani Kisarawe.

Kuhusu Kapteni hawakupata jawabu. Daktari alitoa marisau thelathini na moja mwilini mwake. Walifungua kabati kwa ufunguo waliomkuta nao mfukoni, na bunduki ilinukia mafuta tu, haikuwa imepigwa kwa wiki nyingi. Wakatafuta bunduki nyingine nyumbani kwangu, kwa shemeji yangu, kwenye visima. Hawakuiona, maana haikuwapo. Wazee wa Mzenga walisema Bi Mwanamkuu alimwendea mganga. Yeye alikana. Alisema alichofanya ni kumwekea mwanawe maji mlangoni kila jioni, kwa kuwa aliyaomba.

Nilifungwa miaka mitano kwa ajili ya Kitwana. Niliona ni michache.

Nilipotoka, nilipitia Mzenga kwa makusudi, nimwombe radhi mama yule kabla ya kumwona mke wangu. Nilimkuta uani anakausha vyungu. Nikapiga magoti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, nao ulikuwa na joto. Nikamwambia nashukuru kwamba siku ile alimwamuru Kitwana aniache.

Akanitazama bila hasira.

"Nilisema akuachie miguu," akanijibu. "Sikusema aondoke."

Huu ni mwaka wa pili tangu nirudi Kisarawe. Biasha alivumilia miezi minne, kisha akahamia kwa kaka yake Mlandizi. Hatukugombana. Alisema bado ananipenda, ila nyumba ina mtu wa tatu, na yeye amechoka kumpisha mlangoni.