Simu ya Saa Saba Bustanini

Bustani ya jiji ilikuwa imefurika. Kila benchi lina watu walioinamia simu, wengine wamekaa hata kwenye ukingo wa chemchemi, maana waifai ya bure ilikuwa na nguvu pale kuliko kwingine kote. Fundi wa mtandao, kijana mrefu mwembamba ambaye wenzake kazini walimwita Antena, alikuwa juu ya ngazi akikaza kibao kipya cha masharti aliposikia sauti nyuma yake ikisoma kwa madaha.

"'Usipakue filamu. Usitazame mambo machafu. Usipige simu ya video saa za msongamano.' Haya kaka, na kupumua je, ruksa?"

Akageuka. Alikuwa msichana mwenye gauni la kijani na aproni nyeupe, kilemba kimekaa upande, unga wa sukari umemganda sikioni.

"Kupumua ruksa, dada. Ila polepole, usitumalizie kasi."

Msichana akacheka mpaka watu wakainua vichwa. Alikuwa mpambaji wa keki katika duka la mikate ng'ambo ya barabara, na simu yake ilikuwa imegoma kuunganika. Antena akashuka, akamwunganishia, na palipotakiwa jina la simu akaandika "Sukari".

"Nani kakwambia mimi sukari?"

"Sikio lako."

Mpambaji akajipapasa sikio, akaona haya, akacheka tena. Tangu siku hiyo simu zao zikawa hazipoi.

"Umekula, Sukari?"

"Nimekula makombo ya keki ya harusi ya watu."

"Na ya kwetu utaipamba lini?"

"Wewe! Hata kwenu sijafika, ushaanza kutamani keki?"

Jambo moja tu ndilo lililomkereketa Antena. "Saa saba mchana usinipigie, mpenzi," mpambaji alimwambia mapema. "Nakuwa na kazi." Na Antena, ambaye alikaa chumba cha mitambo ghorofa ya pili ya maktaba, juu ya bustani, aliweza kuona kwenye kompyuta yake kila simu iliyounganika. Kila saa saba, "Sukari" alikuwa kwenye simu ya video.

Wafanyakazi nao walikuwa na masharti yao. Antena mwenyewe alitia sahihi kwamba hatamchungulia mtumiaji kwa mambo yake binafsi. Lakini wivu haujui kusoma. Siku moja akasimama dirishani, akamwona mpambaji amejibanza nyuma ya stoo ya watunza bustani, mahali ambapo mtu hakai bila sababu. Alimpa mgongo. Mabega yalicheka, kichwa kiliinama, kisha akaibusu simu. Antena akaondoka dirishani. Hakuuliza. Kesho yake, saa saba ilipofika na jina lile likatokea tena, akabonyeza, akaifungia simu ya Sukari. Kwenye nafasi ya sababu akaandika: amevunja sharti la saa za msongamano. Watu kumi na zaidi walikuwa wakilivunja sharti hilo dakika ileile, naye hakuwagusa.

Haikupita muda, mpambaji akapanda ngazi za maktaba mbio, kilemba kimemwanguka mabegani, simu ameinua juu kama mtu anayevuka maji.

"Antena! Waifai imenikatikia! Nifungulie, bando langu limeisha!"

Wasomaji wakageuka. Antena, aliyesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, akakunja mikono. "Masharti ni masharti, dada."

"Dada?" Mpambaji alimtazama kama hamjui. "Kuna mtu ananisubiri, nakuomba."

"Najua kuna mtu. Nimekuona ukimbusu."

Maneno yakamtoka kabla hajayapima. Mpambaji akashusha simu. Kisha akasema, taratibu, mbele ya wote:

"Ni mama yangu. Hasikii tangu utotoni, tunaongea kwa mikono. Yuko hospitali ya mbali, daktari kasimama mbele yake anataka kumpasua jicho, na mimi ndiye niliyekuwa namweleza watamfanya nini. Umetukata katikati."

Antena akakimbilia kompyuta, akakosea neno la siri mara mbili. Alipofungua, na simu ikapokelewa, kiooni alikuwa muuguzi peke yake na kitanda kitupu. "Mama yako ameondoka," akasema. "Aliona watu wenye barakoa wanamkaribia, na wewe hupo. Ameshika viatu vyake mkononi akatoka."

Antena akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Sukari, nisamehe, mimi nilidhani…"

"Usiniite hivyo." Alikuwa akifunga kilemba upya. "Unajua kwa nini najificha nyuma ya stoo? Mchumba wangu wa zamani, dada zake waliniigiza mikono mbele ya wageni, wakacheka, naye akacheka nao. Tangu hapo naona haya watu wakituona. Nimemwonea haya mama aliyenizaa. Hiyo aibu ni yangu, nitaibeba. Yako beba mwenyewe."

Akashuka.

Alasiri ile ile Antena alikwenda kwa mkuu wa kitengo, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akamweleza kila kitu. Angeweza kunyamaza, maana kwenye karatasi kosa lilikuwa la mpambaji. Mama yule akavua miwani. "Mwanangu, watu wanatuazima mawasiliano yao, hawatuuzii." Akamwondoa chumba cha mitambo, akampeleka kupanda milingoti na kusafisha vibao. Antena aliona ni haki, lakini haki haikumpunguzia kitu.  Akifumba macho, anaona mwanamke na viatu mkononi, anatembea barabarani bila kusikia magari.

Alipiga simu, haikupokelewa. Mwishowe akaenda dukani. Mpambaji alikuwa akichora maua ya krimu, hakuinua uso.

"Mama alifika salama?"

"Alifika. Wamempangia tarehe nyingine."

"Niambie nifanye nini."

"Mimi unaniomba nini? Mwombe uliyemkosea. Tena kwa mikono yako, sitakutafsiria."

Kwa wiki kadhaa Antena alijifunza kwa mwalimu wa viziwi, na siku moja, saa saba, akakaa benchi la katikati ya bustani. Mpambaji akaja, akasita, akatazama kule stoo. Kisha akaketi palepale kando ya Antena, mbele za watu, akapiga simu. Uso wa mama ukatokea, jicho moja lina ukungu mweupe. Watu walianza kutazama. Shingo ya mpambaji ilikakamaa, lakini mikono yake ikamsalimu mama bila kujificha.

Antena akainua yake. Jasho likamtiririka. Mama akatazama, akakunja uso, akajibu kwa mkato. Mpambaji akaziba mdomo, kicheko kikamponyoka.

"Nimesema nini?"

"Umemwambia wewe ni kabichi."

"Nilitaka kusema mkosaji!"

"Anasema hilo analiona. Rudia."

Akarudia mara nyingi, mbele ya bustani nzima, mpaka mama akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Hakusema amesamehe. Alikata simu.

Siku ya upasuaji walisafiri wote wawili. Mpambaji alisimama kando ya kitanda, akamweleza mama kila hatua kwa mikono yake mwenyewe. Antena alibaki kwenye korido. Bandeji ilipotolewa, wakamwita. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, macho chini. Mama alimkagua kutoka viatu hadi nywele, bila haraka, kisha mikono yake ikasema maneno marefu. Mpambaji akachelewa kutafsiri.

"Kasemaje?" Antena akanong'ona.

"Kasema bado ana kinyongo na wewe."

"Ana haki. Na wewe?"

"Mimi pia ninacho." Akajifuta jicho kwa ncha ya kilemba. "Ila kasema kama ni posa umekuja kuleta, hailetwi ukiwa mlangoni. Usogee, akuone vizuri."

Antena akanyanyua kiti chake, akakisogeza karibu.